Mko Wangapi? Rekodi za Wanaobeba Safari, Kutoka Malaba hadi Mawinguni

Pale Malaba swali hili huja mapema: "Mko wangapi?" Ofisa humuuliza dereva wa lori aliyeteremka na karatasi zake mkononi. Humuuliza kondakta wa basi lililokesha njiani kutoka Nairobi, na huko Busia huulizwa mama aliyefika na wenzake watatu na magunia ya mahindi. Hapa mpakani kila kichwa kina kitambulisho chake na kila jina lina mstari wake kwenye fomu. Ndege nayo ikivuka mpaka hubeba karatasi yenye majina ya marubani na wahudumu wake.

Swali lenyewe ni fupi lakini lina uzito. Nyuma yake kuna swali jingine: chombo hiki kinahitaji watu wangapi ili kifike salama? Wakazi wa Busia na Malaba wanaona majibu yake kila siku, kuanzia baiskeli hadi gari moshi. Wakitaka kuruka hushuka hadi Kisumu, kilomita 110 hivi kutoka Busia, au huvuka kwenda Entebbe. Hizi hapa rekodi za barabarani, relini na angani, kutoka kwa mtu mmoja hadi kikosi kizima.

Wachache kuliko wote: mtu mmoja na baiskeli

Rekodi ya idadi ndogo kabisa ilizaliwa hapa hapa mpakani. Katika miaka ya 1960, msafiri aliyeshuka upande wa Kenya alikuwa na mwendo wa kukatiza uwanda usio wa nchi yoyote kabla hajafika kituo cha Uganda. Gari lililokosa vibali halikuruhusiwa kupita hapo. Vijana wenye baiskeli waliweka mto nyuma ya tandiko na kuita abiria kwa Kiingereza cha mpakani: boda, boda! Jina likaganda. Leo linatumika Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, na pikipiki zimelirithi, ingawa wengi wanaolitamka hawajui kwamba kwanza lilikuwa mwito wa kutoka mpaka hadi mpaka.

Mwendesha boda boda hufanya kazi zote za chombo chake. Yeye ndiye rubani na fundi, ndiye anayepokea nauli na kufunga mzigo, na ndiye anayeamua kama mvua imezidi. Hana wa kumwambia "angalia kushoto".

Hapo hapo Busia kuna chombo kinachoonekana kama cha mtu mmoja ingawa mara nyingi huhitaji wawili. Ni baiskeli za magurudumu matatu za watu wenye ulemavu wa miguu, zinazozungushwa kwa mikono, ambazo kwa miaka mingi zimevusha bidhaa kati ya nchi hizi mbili. Mwenye baiskeli hushika usukani na ndiye mwenye biashara. Mzigo ukizidi, msaidizi husukuma kwa nyuma. Kugawana kazi namna hiyo, mmoja akiongoza na mwingine akitia nguvu, ndiko tutakakokukuta mbele katika ndege kubwa.

Peke yake angani: rubani wa Dragon Rapide

Shirika la ndege la East African Airways lilianza safari zake Januari 1946, likimilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ndege zake za kwanza zilikuwa de Havilland Dragon Rapide sita, zenye mabawa mawili mawili ya mbao na turubai. Rubani alikaa peke yake puani. Nyuma yake walikaa abiria wasiozidi wanane, na hapakuwa na mhudumu wala mtu wa kuwahesabu. Matatu ya viti 14 inayotoka Busia kwenda Bumala, yenye dereva na makanga wake, ina kikosi kikubwa kuliko ndege ile.

Hata leo kuna ndege za abiria zinazoruhusiwa kupaa na rubani mmoja. Cessna Caravan, inayofahamika sana kwa wanaosafiri kutoka uwanja wa Wilson jijini Nairobi, iliidhinishwa hivyo tangu mwanzo, ingawa mashirika mengi huchagua kuweka wawili.

Lakini ukitafuta mfano mkubwa wa upweke angani katika historia ya Kenya, utamfikia Beryl Markham, aliyekulia Njoro. Tarehe 4 Septemba 1936 alipaa peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, na kuvuka Atlantiki kuelekea magharibi. Alikaa angani zaidi ya saa 20 bila mtu wa kumpokea usukani, nyingi zikiwa za giza na upepo wa usoni. Barafu iliziba tundu la hewa la tangi la mafuta, injini ikazima, akaangukia kwenye matope ya Nova Scotia, Kanada, akiwa hai. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka bahari ile peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. Ni rekodi ya ujasiri, na pia inaonyesha uzito anaobebeshwa mtu mmoja pale wawili wanapohitajika.

Wafanyakazi wengi kwa abiria wachache: ndege za ziwani Kisumu

Kabla ya viwanja vya lami, Ziwa Victoria lenyewe lilikuwa uwanja. Imperial Airways ilifika Kisumu mwaka 1931. Kuanzia mwaka 1937 zikaja ndege za majini aina ya Short Empire, zilizotoka Southampton hadi Durban zikitua juu ya maji. Zilipita Port Bell upande wa Uganda, zikagusa Kisumu, kisha zikaelekea Mombasa na pwani.

Ndege hiyo ilikuwa na wafanyakazi watano, wakiwemo marubani wawili, karani na mhudumu, na ilichukua abiria wasiozidi 24 hivi. Ni kama mfanyakazi mmoja kwa kila abiria watano. Sheria za leo katika nchi nyingi zinataka mhudumu mmoja kwa kila viti 50, mbali na marubani. Kwa uwiano wa watu waliomtunza kila msafiri, sijui ndege ya kisasa ya tiketi ya kawaida inayowakaribia wale watano wa Kisumu.

Kulikuwa na sababu. Redio ilihitaji mtu wake na njia ilihitaji kupigiwa hesabu. Barua zilikuwa nyingi na zote ziliandikwa kwa mkono katika daftari. Kila kazi ambayo leo hufanywa na kifaa cha ukubwa wa kitabu ilikuwa na kiti chake na binadamu wake.

Mbele palipojaa kuliko pote: Comet na Super VC10

Mwaka 1960 East African Airways ilipokea ndege zake za kwanza za jeti, Comet 4. Chumba cha mbele kilikuwa cha watu wanne: marubani wawili, mhandisi wa ndege na mtu wa redio na njia. Mwaka 1966 ikafuata Super VC10 yenye injini nne mkiani. Chumba chake cha marubani nacho kilikuwa na nafasi ya wanne: kapteni, rubani msaidizi, mhandisi, na navigeta aliyesoma njia kwa ramani na vipimo.

Mhandisi alikaa akielekea ukuta uliojaa saa na swichi. Alisikiliza injini kama taniboi mzoefu, yule msaidizi wa dereva wa lori, anavyosikiliza tairi la nyuma, akijua kwa sauti tu kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Navigeta alikuwa akiwaeleza wenzake walipo wakati chini ni jangwa la Sudan na hakuna taa hata moja.

Ndege hizo zilisajiliwa katika nchi za Afrika Mashariki, na mtu wa mpakani angezisoma kama anavyosoma namba za malori. Zilizoanza na 5X zilikuwa za Uganda, 5Y za Kenya na 5H za Tanzania. Shirika lilikuwa moja na vibao vya aina tatu, na marubani wake walivuka mipaka hii mara nyingi kwa siku moja.

Tarehe 18 Aprili 1972, Super VC10 yenye namba 5X-UVA ilishindwa kupaa Addis Ababa baada ya tairi kupasuka ikiwa kwenye kasi. Kati ya watu 107 waliokuwa ndani, 43 walifariki. Tunapohesabu wafanyakazi wa ndege tukumbuke kwamba idadi yao hupangwa kwa ajili ya sekunde kama zile, pale moshi unapoingia na mtu lazima afungue mlango na kuita wengine watoke.

Ya mwisho duniani: 5H-MOG

Rekodi hii ni ya Afrika Mashariki na haijulikani vya kutosha. Zilitengenezwa VC10 54 tu, na ya mwisho kabisa kutoka kiwandani ilikabidhiwa East African Airways mwaka 1970. Ilikuwa 5H-MOG, yenye kibao cha Tanzania.

Mwaka 1977 shirika lilivunjika, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo ikavunjika mwaka huo huo. Super VC10 nne zilizobaki zilirudi Uingereza, ambako Jeshi la Anga lilizigeuza kuwa ndege za kujaza mafuta angani, bado zikiwa na kikosi cha wanne mbele. Mbili kati yake zilidumu kuliko ndugu zao wote. Septemba 2013, VC10 mbili za mwisho kuruka popote duniani zilikuwa 5H-MOG ya zamani na 5H-MMT ya zamani. Tarehe 25 Septemba, iliyokuwa 5H-MMT ilitua kwa mara ya mwisho, na VC10 haikuruka tena. Ndege iliyoanza kazi kwa kubeba wasafiri wa Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam ndiyo iliyofunga historia ya aina yake.

Kiti kilichoondolewa

Kati ya wale wanne wa mbele, navigeta aliondoka wa kwanza, pale vifaa vya kupima mwendo vilipoanza kujua ndege ilipo bila kuulizwa. Aliyefuata ni mhandisi. Boeing 737, iliyoanza kuruka mwaka 1967, ilibuniwa kwa marubani wawili. Chama cha marubani cha Marekani kilipinga, na kwa miaka mingi baadhi ya mashirika yalimweka mtu wa tatu. Mwaka 1981 jopo lililoteuliwa na rais wa Marekani lilihitimisha kuwa wawili wanatosha, na mlango wa chumba cha mbele ukafungwa kwa mhandisi.

Kenya Airways, iliyozaliwa Januari 1977 kutokana na kuvunjika kwa shirika la pamoja, ilipita njia hiyo hiyo. Miaka yake ya mwanzo ilirusha Boeing 707, zilizohitaji mhandisi. Mwaka 1986 ilileta Airbus A310, ya marubani wawili. Kati ya Comet ya mwaka 1960 na A310, chumba cha mbele kilipungua kutoka wanne hadi wawili, katika muda unaotosha kijana kuanza kazi na kukaribia kustaafu.

Baada ya hapo idadi ikagoma kushuka. Watengenezaji walitaka kujua kama rubani mmoja anaweza kubaki usukanini ndege ikiwa imetulia juu huku mwenzake akilala. Mwaka 2025 shirika la usalama wa anga la Ulaya, EASA, lilisema kuwa kwa vyumba vya marubani vya sasa haikuweza kuthibitishwa kwamba usalama ungebaki ule ule. Mmoja anaweza kuugua, kusinzia au kukosea bila kujua. Wawili ndiyo sakafu, na hadi sasa hakuna shirika kubwa lililoruhusiwa kushuka chini yake.

Safari ndefu kuliko zote kutoka Kenya: marubani wanne

Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilirusha Boeing 787-8 kutoka Nairobi hadi New York bila kutua, safari ya saa 15 hivi. Ilikuwa ndege ya kwanza ya abiria kuunganisha Kenya na Marekani moja kwa moja. Ndani walikuwepo marubani wanne na wahudumu 12.

Ndege yenyewe inahitaji wawili tu. Wale wengine wawili wapo kwa sababu binadamu huchoka, na sheria za anga zinaweka ukomo wa saa za kazi. Wanapokezana, na waliomaliza zamu wana vitanda vya kulala humo humo ndani. Kwa wahudumu hesabu ni hiyo hiyo: viti 234 vinataka watano kwa kipimo cha mmoja kwa 50, lakini milango ni minane, usiku ni mrefu, na nao lazima wapumzike.

Mmoja wa waliofungua njia katika ndege hiyo ni Kapteni Irene Koki Mutungi, mwanamke wa kwanza Afrika kuwa kapteni wa 787. Katika chumba cha watu wawili, kila anayeingia hubadilisha nusu ya picha.

Kubwa kuliko zote, na adimu kuliko nyingi

Airbus A380 ndiyo ndege ya abiria kubwa kuliko zote. Marubani wake? Wawili, sawa na Dash 8 za Jambojet zenye viti 78 zinazotua Kisumu na Eldoret. Ukubwa wa A380 unahesabiwa nyuma. Mwaka 2006, katika jaribio lililofanyika Hamburg, watu 853 pamoja na wafanyakazi 20 walitoka gizani kupitia nusu ya milango kwa sekunde 78. Sheria inatoa sekunde 90. Wahudumu 18 ndio walioupa umati ule mwelekeo. Anayedhani kazi ya mhudumu ni chai na soda aitafakari hesabu hiyo.

Upande wa pili wa mpaka wetu, Uganda Airlines iliyofufuliwa Agosti 2019 ina ndege mbili za Airbus A330-800, aina ambayo idadi yake duniani ni ndogo mno. Shirika hilo lilikuwa la pili duniani kuipokea, Desemba 2020, baada ya Kuwait Airways. Ina viti 258, kwa hiyo kwa kipimo kile kile inataka wahudumu wasiopungua sita. Mkazi wa Malaba au Busia anayekwenda kufanya kazi Dubai anaweza kuvuka mpaka kwa miguu asubuhi na jioni akakaa ndani ya moja ya ndege adimu kuliko nyingi zinazoruka leo.

Nguvu nyingi, mikono minne: Garratt daraja la 59

Malaba ndipo reli ya Kenya inapokabidhiana mabehewa na ya Uganda. Kichwa cha gari moshi kinachoyaleta kina watu wawili, dereva na msaidizi wake. Rekodi ya nguvu nyingi mikononi mwa watu wawili iliwekwa zamani. Kati ya mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, kilitengenezea East African Railways vichwa 34 vya daraja la 59, kila kimoja kikipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Vilikuwa na uzito wa tani 250 hivi, na vinatambuliwa kuwa vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko vyote vilivyofanya kazi kwenye reli ya upana wa mita moja. Kazi yao kubwa ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi. Kimoja, Mount Gelai, kipo katika makumbusho ya reli Nairobi. Nguvu yote ile ilishikwa na dereva na mchochezi wa moto. Hata pale, hapakuwa na aliyediriki kumwacha mmoja.

Nzito kuliko ndege, mikononi mwa mtu mmoja

Hapa ndipo nilipotaka tufike, kwenye rekodi ninayoiona kila nikipita foleni ya Malaba.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori kubwa lenye mzigo kufikia tani 56. Embraer 190, ndege ya viti 96 ambayo Kenya Airways huirusha Nairobi hadi Kisumu, haizidi tani 52 hivi inapopaa ikiwa imejaa. Lori ni zito kuliko ndege. Ndege ina marubani wawili na, kwa kipimo cha viti, wahudumu wasiopungua wawili, kwa safari isiyofika saa moja. Lori limetoka Mombasa, zaidi ya kilomita 900, na malori mengi siku hizi hufika hapa na dereva peke yake.

Zamani alikuwepo taniboi. Aliweka jiwe la kuzuia nyuma ya tairi mlimani. Dereva aliporudi nyuma, yeye ndiye aliyeangalia asigonge, kisha akakaza turubai na kulinda mzigo usiku. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuongea. Sauti yake ndiyo iliyomweka dereva macho kuanzia Mlolongo hadi Timboroa. Alikuwa jicho la pili bila leseni, na wengi walianzia hapo wakawa madereva.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, baada ya marekebisho ya mwaka 2012, inamkataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Tupige hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, Mombasa hadi Malaba ni saa 18 za usukani, yaani dereva mmoja hana haki ya kufika kabla ya siku ya tatu. Madereva wawili wangepokezana na kufika wakiwa wamepata usingizi. Wakati wa korona mwaka 2020, foleni ilinyooka makumi ya kilomita kutoka mpakani huku madereva wakisubiri majibu ya vipimo kwa siku kadhaa, wakipika chini ya trela. Ndipo Kenya nzima ilipoona watu ambao kwa kawaida haiwaoni, kwa sababu kila mmoja yuko peke yake nyuma ya kioo kirefu.

Anga ilijifunza kwa misiba, polepole na kwa ubishi, kwamba mashine inaweza kupunguza watu hadi wawili na pale isimame. Barabara yetu haijafanya hesabu hiyo. Natamani ifanyike hapa Malaba, kwenye dirisha lile lile ambalo swali linaulizwa tayari. Ofisa anapouliza "Mko wangapi?", jibu liandikwe pamoja na saa dereva alizoendesha tangu alipotoka Mombasa. Na dereva mwenye tani 56 mgongoni aweze kugeuka, aelekeze kidole upande wa pili wa kabini, na ajibu: "Tuko wawili."